Kufuma: tuanze na vitanzi viwili, mengine baadaye

Kila mwaka ifikapo Oktoba, kwa wenzetu walioko Uingereza, Canada na majimbo ya kaskazini ya Marekani, hujirudia jambo moja. Baridi inabisha hodi, majani yanapukutika, na mtu anapita dukani ananunua sindano mbili ndefu na donge la uzi akiwa na azma ya kujifumia skafu. Ikifika Januari sindano zimeshalala chini ya kitanda, na kwenye sindano mojawapo kumening'inia kitu kilichoanza na vitanzi ishirini, kikafika thelathini na nne, na hakuna anayejua hivyo kumi na vinne vya ziada vilitoka wapi. Mwenyewe anasema kufuma ni kipaji, na yeye hakujaliwa.

Sisi hatukubaliani na kauli hiyo. Tunaona kosa liko kwenye namna anayeanza anavyofundishwa. Anaonyeshwa vidole vipite wapi, anaambiwa afuate, lakini haelezwi hicho anachokitengeneza ni kitu gani. Siku akikosea hawezi kuliona kosa, kwa sababu hajui kilicho sahihi kina sura gani. Na kwetu sisi tunaozungumza Kiswahili huku ughaibuni pana tatizo la pili juu ya hilo. Mama zetu na shangazi zetu wanaojua kufuma wanajua kwa vidole, watoto wetu wanajifunza kwa Kiingereza kutoka kwenye video za intaneti, na katikati hapana maneno ya kuwakutanisha. Tutalirudia hilo. Kwanza tukiangalie kitambaa chenyewe.

Ndugu msomaji, chukua khanga na fulana, uziweke mezani. Khanga imetengenezwa kwa nyuzi zilizonyooka, nyingine zinakwenda urefu na nyingine upana, zikipishana juu na chini. Ukiivuta kwa urefu wake haivutiki. Sasa vuta fulana. Inavutika, na ukiiachia inarudi. Ichunguze kwenye mwanga mzuri, na kama una miwani ya kusomea ivae: utaona safu za alama ndogondogo mfano wa herufi V, moja imekaa juu ya nyingine. Igeuze ndani nje. V zimepotea, pana vinundu vya kulala vilivyopangana kama vipande vya ngazi. Kila V ni kitanzi kilichopitishwa ndani ya kitanzi kilicho chini yake, nacho kimepitishwa ndani ya kilicho chini yake, hivyo hivyo mpaka kwenye pindo. Fulana, soksi, sweta la shule na skafu ya timu ya mpira ni ndugu wa tumbo moja. Kinachotofautiana ni unene wa uzi na ukubwa wa kitanzi. Muingereza William Lee alibuni mashine ya kufuma soksi mwaka 1589, na viwanda vya leo pamoja na kasi yao yote bado vinatoa vitanzi vile vile anavyotoa bibi kwa sindano mbili.

Tungekuwa na uwezo tungepiga marufuku mtu kushika sindano kabla ya kuitazama fulana yake kwa dakika kumi.

Vitanzi vya msingi ni viwili tu. Waingereza huviita "knit" na "purl", na kwenye maelezo yao huandika k na p. Majina ya Kiswahili hutofautiana kutoka mfumaji hadi mfumaji, kwa hiyo sisi hapa tutaviita kitanzi uso na kitanzi mgongo, na mwenye jina bora zaidi alitumie. Kwenye kitanzi uso, uzi unakaa nyuma ya kazi. Sindano ya kulia inaingia ndani ya kitanzi kilicho kwenye sindano ya kushoto, ikitokea mbele kwenda nyuma, inazungushiwa uzi, kisha inauvuta uzi huo utokeze upande wako. Kitanzi cha zamani unakiachia kitoke kwenye sindano. Mbele yako inabaki V. Kwenye kitanzi mgongo, uzi unakaa mbele. Sindano inaingia kutoka kulia kwenda kushoto, ncha yake ikibaki upande wako, inazungushiwa uzi, inausukuma utokeze nyuma. Mbele yako inabaki nundu, kama kola iliyokaba shingo ya kitanzi.

Walimu wengi hulipita haraka jambo linalofuata, na ndilo lenye kubeba mzigo wote. Uso na mgongo ni kitanzi kimoja kikitazamwa pande mbili, mfano wa sarafu. Ukifuma uso, mtu aliyekaa ng'ambo ya meza anaona umefuma mgongo. Aliyelishika hili ameshika robo tatu ya ufumaji, na zile video zenye mitindo mia mbili hazitamtisha tena, maana yote yaliyomo mle ni mpangilio wa uso na mgongo, pamoja na kuongeza vitanzi, kuvipunguza na kuvipishanisha.

Angalia linavyofanya kazi. Anayeanza huambiwa afume uso kila mstari, nenda uso, rudi uso. Anategemea kupata sura ya fulana. Badala yake anapata matuta ya kulala, upande huu na upande ule, kama shamba la viazi. Anadhani amekosea. Hajakosea. Mwisho wa kila mstari aliigeuza kazi, na mstari wa pili alioufuma uso, ukitazamwa kutoka upande wa kwanza, ni mgongo. Matuta yametokana na huko kugeuza. Akitaka sura ya fulana inambidi mstari wa kwenda aufume uso na wa kurudi aufume mgongo, ili V zote ziangalie upande mmoja. Na akihamia kwenye kofia au soksi, zinazofumwa kwa mzunguko bila kugeuza, basi uso mtupu kila mzunguko humpa fulana, na sasa akitaka matuta ndipo atakapolazimika kuingiza mzunguko wa mgongo baada ya kila mzunguko wa uso. Aliyekariri kwamba uso mtupu huleta matuta atakwama hapa. Aliyeelewa hahitaji kuambiwa.

Kila mpangilio una tabia yake, na tabia hiyo inatokana na vitanzi vyenyewe. Matuta hulala vizuri, hayajikunji, ndiyo maana ni mazuri kwa skafu ya kwanza. Sura ya fulana hujikunja: juu na chini inajiviringisha kuja mbele, pembeni inajiviringisha kwenda nyuma. Yeyote aliyewahi kukata fulana kuukuu kwa mkasi afanye tambara la kupigia deki ameliona hilo kwa macho yake. Lakini wanaoanza, kwa kuwa sura hiyo ndiyo wanayoijua kutoka dukani, huichagua kwa skafu yao, na wanapata bomba refu. Kisha wanalipiga pasi. Kama uzi ni wa akriliki pasi ya moto huuharibu moja kwa moja, unalala na haurudi tena.

Sasa tufike kwenye jaribio ambalo tungependa kila anayeanza alifanye kabla hajawaza skafu wala kofia. Pandisha vitanzi ishirini. Fuma kitanzi kimoja uso, kimoja mgongo, kimoja uso, kimoja mgongo, mpaka mwisho. Geuza, anza tena na uso, kimoja uso, kimoja mgongo. Endelea hivyo mistari kama kumi na sita. Utapata mistari iliyosimama wima, inayovutika kama lastiki, ile ile iliyoko kwenye mwisho wa mkono wa sweta la shule na kwenye pindo la kiunoni. Vizuri. Chukua sindano nyingine, pandisha vitanzi ishirini na kimoja, ufuate maelekezo yale yale bila kubadilisha neno: kila mstari anza na uso, kimoja uso, kimoja mgongo. Hupati lastiki. Unapata chembechembe zilizotawanyika kama punje za mtama kwenye ungo, kitambaa kizito kidogo kinacholala bila kujikunja.

Maelekezo ni yale yale, mikono ni ile ile, na tofauti ni kitanzi kimoja. Kwa nini? Kwenye ishirini, mstari uliishia na mgongo. Ulipogeuza, huo mgongo ukakuangalia ukiwa uso, nawe ukaufuma uso. V imekaa juu ya V, nundu juu ya nundu, na mistari ikasimama. Kwenye ishirini na kimoja mstari uliishia na uso, ulipogeuza ukakuangalia ukiwa mgongo, nawe ukaweka uso juu yake. Kila V imekaa juu ya nundu na kila nundu juu ya V, ndiyo maana hakuna mstari uliosimama. Mtu akilifanya jaribio hili jioni moja, akakaa na vipande viwili mapajani akavilinganisha, hatahitaji tena kuhesabu "sasa ni uso au mgongo?" Atatazama kilicho mbele yake. Akitaka lastiki, anafuma uso juu ya V na mgongo juu ya nundu. Akitaka punje za mtama, anafanya kinyume. Amejifunza kusoma kitambaa, na simu ikilia katikati ya mstari anaweza kwenda kuipokea akarudi akajua alipo.

Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu vitabu na video nyingi humpa anayeanza maelekezo kama mtoto anayeimbishwa jedwali la kuzidisha. Anaimba vizuri sana, ila ukimuuliza saba mara nane peke yake lazima aanze upya kutoka saba mara moja.

Tukirudi kwenye lile la lugha. Mama anatoka Njombe au Limuru, ambako baridi ya Julai si ya mchezo na masweta yanajulikana, anakuja majuu kumsaidia binti yake kulea. Binti na mumewe wanabeba maboksi zamu mbili. Bibi na mjukuu wanabaki ndani, nje kuna theluji. Mjukuu amejifunza kufuma shuleni au kwenye simu, na mbele yake kuna karatasi imeandikwa "k2, p2". Bibi amefuma masweta ya watoto wake wote, lakini k2 hajui ni mnyama gani. Anachojua ni kuonyesha: hivi, halafu hivi, geuza, rudi. Mjukuu anaona bibi anashika uzi tofauti na yule wa kwenye video, anaamua bibi hajui. Bibi anaona mtoto anatazama karatasi badala ya kazi, anaamua mtoto hana subira. Kila mmoja anarudi kwenye kiti chake. Na hiyo k2, p2 maana yake ni uso viwili, mgongo viwili, basi.

Hivi inashindikana nini kuwa na maneno kumi ya Kiswahili tukayatumia wote? Kupandisha vitanzi mwanzoni, kuvifunga mwishoni. Mstari, mzunguko. Uso, mgongo. Kuongeza, kupunguza. Kufuma, na kufumua. Kumi hayo. Na lugha yetu wala haikuwa masikini hapa. Kufuma ni kusuka nyuzi, na vilevile ni kuchoma kwa mshale au mkuki, na ukiitazama sindano inavyopenya kitanzi utaona maana zote mbili ziko kwenye mkono mmoja. Fumua nalo ni neno ambalo Waingereza hulitafutia maneno mawili matatu, sisi tunaongeza silabi tu. Tunawasikia wazazi wengi huku wakilalamika kwamba watoto hawasemi Kiswahili, wanawatafutia madarasa ya Jumamosi yenye vitabu na picha za twiga. Mtoto anayehesabu vitanzi ishirini kwenda na ishirini kurudi, akisahihishwa na bibi yake, atakuwa ametamka namba za Kiswahili mara mia nne kabla ya kipande hakijafika urefu wa kiganja. Hatusemi madarasa yafungwe. Tunasema hili ni la bure na liko sebuleni.

Kuhusu kushika uzi, bibi na mjukuu wote wako sawa. Wako wanaoushika kwa mkono wa kulia wakiurusha juu ya sindano, wako wanaoushika kwa kushoto wakiudonoa kwa ncha, na Wareno wana desturi ya kuupitisha uzi shingoni, njia ambayo huufanya mgongo uwe mwepesi kuliko uso. Kitanzi kikitoka kimetoka. Cha kuangalia ni kimoja: kila kitanzi kina miguu miwili iliyopanda sindano, na kwa njia hizi za kawaida mguu wa kulia ndio hukaa mbele. Ukichoma mguu wa nyuma wakati wa kufuma uso, kitanzi kitajisokota, kitambaa kikaze, na mtu atalalamika sindano ni mbovu.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya kizungu, sisi tuna mikeka na kofia zetu. Kofia za kushonwa kwa mkono za Zanzibar na zile za Oman tunaziheshimu, na aliyeweza kuzishona, wiki baada ya wiki, tundu kwa tundu, ana subira ya kufuma jengo zima. Ila huo uzungu wa kufuma ni wa kuangaliwa upya. Vipande vya zamani vya kufuma kwa sindano tunavyovijua vimetoka Misri ya enzi za Kiislamu, soksi za pamba za rangi ya buluu na nyeupe, nyingine zikiwa na maandishi ya Kiarabu. Za zamani zaidi, zenye umri wa zaidi ya miaka 1,500, zimo katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert mjini London: soksi nyekundu kutoka Misri, zimetengenezwa kwa ufundi mwingine wa sindano moja, na zimegawanywa kidoleni ili mtu avae na ndara. Huko Hispania, kwenye kaburi la mwana wa mfalme Fernando de la Cerda aliyefariki mwaka 1275, kumekutwa mto wa hariri uliofumwa, pembezoni limefumwa neno la Kiarabu la baraka. Ufundi ulitoka huku kwenda Ulaya. Wenzetu walio London wanaweza kwenda kuziona hizo soksi, kiingilio cha makumbusho hayo ni bure.

Na kwa ndugu zetu wanaume wanaoona haya kushika sindano: kwenye kisiwa cha Taquile, Ziwa Titicaca nchini Peru, kufuma kofia ni kazi ya wanaume, na UNESCO iliutangaza ufundi wa nguo wa kisiwa hicho kuwa urithi wa dunia usioshikika mwaka 2005. Kwetu mafundi cherehani wengi wa barazani ni wanaume na hakuna anayewacheka. Tuliache hapo.

Vipi kuhusu vile vitanzi kumi na vinne vya ziada? Mara nyingi chanzo ni kimoja kati ya viwili. Cha kwanza, mwanzoni mwa mstari uzi ukivutwa kwenda nyuma kwa kupitia juu ya sindano, kitanzi cha kwanza huinuka miguu yake miwili ikaonekana kama vitanzi viwili, na anayeanza huvifuma vyote. Dawa yake ni kuushusha uzi kwa chini ya sindano kabla ya kuanza. Cha pili, mtu akihama kutoka uso kwenda mgongo anasahau kuhamisha uzi kati ya sindano mbili, uzi unapanda juu ya sindano, na kwenye mstari unaofuata anaukuta umekaa kama kitanzi, anaufuma, tundu linabaki. Anayehesabu kila amalizapo mstari atalikamata kosa likiwa na mstari mmoja. Asiyehesabu atalikuta likiwa na wiki mbili.

Kitanzi kikichomoka kisimtie mtu kiwewe. Kitashuka kikiacha ngazi ya nyuzi za kulala. Kwa sindano ya kroshia unakishika kitanzi, unaivuta ngazi ya kwanza ipite ndani yake, kisha ya pili, hadi juu. Na pale ambapo hakurekebishiki, kufumua si msiba. Khanga iliyokatwa vibaya imekatwa, mbao iliyopunjwa imepunjwa, lakini uzi uliofumuliwa ni uzi ule ule. Tunashauri anayeanza asipeleke kipande chake cha kwanza popote. Akifume, akifumue, akifume tena kwa donge lile lile, mara tatu au nne. Wanaokataa kufumua kwa sababu "nimeshafika mbali" ndio wale wenye mapembetatu chini ya kitanda.

Lipo jingine ambalo linatukera kidogo, nalo linawahusu wenye moyo wa kusaidia. Mtu wa Marekani anawakusanyia sindano na nyuzi kikundi cha akina mama wa kijijini kwao, mwingine wa Uingereza anawatumia vitabu vya mitindo vya zamani. Nia ni njema. Lakini namba za sindano za Marekani na namba za zamani za Uingereza zinakwenda kinyume. Kwa Wamarekani namba ikipanda sindano inanenepa, kwa Waingereza wa zamani namba ikipanda sindano inakonda. Sindano ya milimita 4 ni namba 6 ya Marekani na ni namba 8 ya Uingereza. Ya milimita 5 ni namba 8 ya Marekani na ni namba 6 ya Uingereza. Yaani akina mama wakisoma kitabu cha Uingereza kinachodai namba 8, wakachukua sindano ya Marekani iliyoandikwa 8, wanafuma sweta la mtoto wa miaka sita linaloweza kumtosha kaka yake. Kisha inasemwa akina mama hawakufuata maelekezo. Walifuata. Mwenye kutuma aandike milimita kwenye kila jozi kwa kalamu ya wino usiofutika, na aelekeze wapime kwanza: fuma kipande cha majaribio, pima vitanzi vingapi vimeingia kwenye sentimita kumi, linganisha na kitabu, badilisha sindano kama havilingani. Na madonge ya rangi moja yawe na namba moja ya kundi la rangi, ile iliyochapwa kwenye karatasi ya donge. Ukichanganya makundi, mkono mmoja wa sweta utakuwa na kivuli chake.

Tunaomba pia miradi hii isiuzwe kwa akina mama kama njia ya kutajirika. Sweta la shule linafumwa kwa mashine mtaani kwa muda mfupi sana ukilinganisha na wiki kadhaa za sindano za mkono, na sweta la mtumba mara nyingi linauzwa chini ya bei ya uzi mpya wa kulifumia. Anayeingia akitegemea faida ya haraka atakata tamaa, na ataona amedanganywa. Kufuma kwa mkono kuna thamani kwa anayejifumia, anayemfumia mjukuu, anayejua kuziba tundu la kiwiko badala ya kutupa sweta zima. Huyo biashara ikija baadaye atakuwa tayari.

Na huo mtumba wenyewe ndio duka la uzi la bei nafuu kuliko yote, iwe Gikomba jijini Nairobi au kwenye maduka ya hisani ya mtaa wowote wa Uingereza. Sweta kubwa la kiume la sufu au pamba lina uzi wa kutosha kofia kadhaa. Kabla ya kulipa, ligeuze ndani nje utazame mishono ya ubavuni. Kama kingo zimepitiwa na mashine ya ovaloki, liache, limekatwa kwenye kitambaa kikubwa na ukilifumua utapata vipande vifupi vya uzi, kila mstari na chake. Kama kingo ni nzima na zimeunganishwa kwa mshono unaoweza kuukata bila kugusa vitanzi, hilo lilifumwa kwa umbo lake, uzi unaendelea mpaka mwisho. Liangalie pia kama sufu yake imeshikana kwa kufuliwa na maji ya moto, vitanzi havionekani tena. Hilo halifumuki hata kwa dua. Lililofaa tenganisha vipande vyake, anzia sehemu iliyofungwa mwisho, kwa kawaida juu, mabegani na shingoni, uvute taratibu ukiuzungusha uzi kwenye mgongo wa kiti. Utatoka umejikunjakunja kama tambi, kila mkunjo ni mahali kitanzi kilipokaa. Ufunge mafungu sehemu nne, uloweke kwenye maji ya uvuguvugu, uutundike na kitu chepesi chini yake usiku kucha. Asubuhi umenyooka. Pandisha ishirini, kisha ishirini na kimoja.